Mbeleko Ndani ya Beseni

Siku hizi nguo haifumwi, huoteshwa. Kila nyumba Newala ina beseni lake la maji ya mabibo yaliyochacha, na juu ya maji hayo vijidudu visivyoonekana husuka ngozi laini, ambayo ikianikwa huwa shuka. Shuka ikichakaa, sheria inataka irudishwe kwenye beseni, iyeyuke kwa siku mbili tatu, ilishe nyingine.

Bi Somoe aliitii sheria hiyo kwa kila kitu isipokuwa khanga moja ya pamba yenye nakshi za korosho nyekundu, aliyoihifadhi sandukuni pamoja na asumini kavu. Ndiyo mbeleko aliyobebewa mgongoni mwa mama yake, na ndiyo aliyombebea mwanawe. Sasa mke wa mwanawe, Zubeda, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Asubuhi hiyo Somoe alikuta sanduku tupu.

"Niliirudisha wiki iliyopita, mama," Zubeda alisema, akitarajia shukrani. "Ilikuwa imechakaa, nikaona nikupunguzie kazi."

Somoe akakimbilia beseni, akafunua. Khanga haikuyeyuka. Ngozi mpya ilikuwa imeota juu na chini yake, ikaifumbata, na zile korosho nyekundu zilionekana kwa ndani, zimefifia kidogo tu. Akazipapasa, machozi yakimlengalenga.

"Bado ipo," alinong'ona. "Itambeba na mjukuu wangu."

Zubeda alichungulia. "Wiki nzima? Nguo gani hii, mama, isiyotaka kufa?"

Somoe aligeuka amweleze habari za pamba, ambayo vijidudu vya beseni haviijui, na za joto la mgongo wa mama yake. Akamkuta mkwewe amesharudi nyuma hadi mlangoni, mikono yote miwili imekinga tumbo.