Kipepeo na Milango ya Jirani

Katika hodhi moja la kioo, lenye maji ya bahari na matumbawe, aliishi Kangaja, samaki mwenye wembe mkiani. Kila siku aliwafukuza jirani zake, samaki Tasi mwenye miiba na Kamba mwenye magando, nao wakajificha katika mashimo asiyoyajua.

Siku moja mwenye hodhi alileta samaki mgeni, Kipepeo. Kwanza alimtia katika kisanduku cha kioo chenye matundu, akakining'iniza majini ili wenyeji wamzoee. Kangaja akashinda akikipiga kisanduku kwa mkia, na kwa mara ya kwanza Tasi na Kamba wakala kwa amani.

"Jirani zangu," Kipepeo aliwaambia kupitia matundu, "nikifunguliwa mtanisitiri?"

"Karibu, dada," alisema Tasi. "Nyumba ni yako."

Kisanduku kilipofunguliwa, Kangaja alimrukia mgeni. Kipepeo akakimbilia kwa Tasi, akamkuta mlangoni, miiba ya mgongo ameisimamisha.

"Shimo ni dogo, dada. Jaribu kwa Kamba."

Kamba naye alikwisha kuziba mlango wake kwa magando. "Kwangu hata mimi naingia kinyumenyume, mama," alisema.

Wembe ulimkuta Kipepeo kati ya milango hiyo miwili.

Kipepeo alipokwisha kufa, Kangaja aligeuka, akaenda moja kwa moja kwa Tasi.

"Bwana Kangaja," alisema Tasi, "sisi hatukumpokea. Tulikuwa upande wako."

"Niliona," alijibu Kangaja. "Wala sikujua mnaishi wapi, mpaka mliposimama milangoni kumzuia."