Boga la Dirishani

Zamda alizibandua mbegu za boga ukutani, jikoni kwa marehemu mama yake, zikiwa bado na majivu aliyozipaka mama ili zisiliwe na wadudu. Mchana ule nyumba na shamba vilikabidhiwa kwa mnunuzi.

Chumba alichopanga mjini hakikuwa na ua. Akaokota makopo ya siagi, akachota udongo mtaroni, akafukia mbegu na kuyapanga dirishani. Akawa anamwagilia maji aliyooshea mchele.

“Mwenzangu, boga linatambaa,” jirani yake, Mama Kassimu, alisema mlangoni. “Humu litatambaa wapi? Si ungepanda mchicha, ukala?”

“Kwanza liote.”

Miche ilipoota, yote ikainama upande wa dirisha, kuelekea barabara iendayo kwao. Zamda akageuza makopo ili itazame kitanda. Kulipokucha, ilikuwa imeanza kurudi kulekule. Hakuyageuza tena.

Mvua ziliponyesha, Mama Kassimu alikuta maji yanaingia mpaka kitandani.

“Zamda! Funga dirisha, unaloa!”

“Nitafungaje? Boga limeshatoka.”

Kikono chembamba cha boga kilikuwa kimepenya kwenye nondo, kinapapasa mvuani, kikitafuta pa kushika.