Jiko Lililomkataa Mama Tunu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye ajira. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza picha za ubongo wa bandia kwenye kompyuta, ubongo usio wa mtu yeyote, niliousinyaza mwenyewe kwa kiasi ninachokijua. Kisha naipa mashine ya kupimia ubongo picha hizo, nione kama itapata kiasi kilekile. Ilipata kila mara, nikaipitisha itumike kwa watu.

Na sheria ya nchi yetu ni hii: ubongo wako ukisinyaa kupita kiwango, dalili ya usahaulifu, jiko la nyumbani haliwaki kwa mkono wako.

Jumatatu mke wangu, Mama Tunu, aliweka kiganja kwenye jiko. Halikuwaka. Nikaweka changu, likawaka.

"Hata jiko limechoka na chumvi yako," nikamtania.

Hakucheka. "Nilipimwa Ijumaa."

"Basi mashine imekosea."

"Si uliipitisha wewe?"

"Kwa ubongo wa bandia, mke wangu! Ule najua nimeupunguza kiasi gani. Wako nani anajua?" Nikamshika bega. "Usijali. Nitaingiza picha ya bandia kwa jina lako, ubongo mnono kama wa bibi harusi. Kesho jiko litawaka, utatupikia pilau."

Aliutazama ukuta wa nyuma ya jiko ulioungua wiki iliyopita, ule niliowaambia watoto kuwa uliunguzwa na hitilafu ya umeme.

"Litawaka, Baba Tunu," akasema. "Nani atakumbuka kulizima?"