Mwisho Ijumaa

Masufuria manne yalikuwa yamefungwa kwenye tandiko la Taran, yakigongana kila farasi alipopiga hatua. Raundi ya kwanza Taran alilaza masikio nyuma na kutaka kukimbia. Kufikia ya kumi alikuwa anapiga miayo.

"Ndiyo hivyo," Nesta alimwambia. "Deraya ya chuma ina kelele kuliko hizi. Zoea."

Carys alikuwa anayatafuta masufuria hayo tangu asubuhi. Alipoyaona alisimama langoni, mikono kiunoni.

"Nesta! Mambo ya mikuki si tulishayamaliza?"

"Uliyamaliza wewe. Mimi bado."

"Kwa umri wako mtu anashughulika na mambo ya maana! Ukivunjika mguu nani atakuuguza? Si mimi? Maadamu unakaa nyumba hii, huendi kugongana na watu juu ya farasi."

Gethin, mume wa Carys, alikuwa nyuma yake akitazama viatu vyake. Katika nyumba ile Carys alisema na Gethin akaitikia.

Baada ya chakula wawili hao walifunga mlango wa jikoni, wakamjadili. Nesta alisikia neno "daktari". Kisha akasikia "kumuuza Taran", akaingia bila kubisha.

"Taran nimemlea mimi tangu ananyonya," alisema. "Karatasi zake zina jina langu. Mkiwa na hamu ya kuuza, muuzeni mbwa wenu."

Kesho yake alisema anakwenda kumnyoosha farasi miguu, akavuka mlima hadi kwenye uwanja wa Madoc, chini ya magofu ya ngome. Alikwenda keshokutwa yake pia, na kila siku iliyofuata.

Madoc alikuwa amefundisha watu kupigana kwa mikuki juu ya farasi kwa miaka ishirini, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwanzisha Taran kwa kutembea tu kando ya uzio mrefu unaotenganisha wapiganaji. Halafu mbio ndogo ndogo. Halafu shoti. Mkono wa kushoto wa Nesta ulibeba ngao na kushika hatamu, wa kulia ulibeba mkuki, kwa hiyo farasi ilibidi aelewe lugha ya magoti. Palikuwa na mlingoti wenye ubao unaozunguka, upande mmoja shabaha, upande wa pili gunia la mchanga. Ukigonga shabaha na kuchelewa kupita, gunia linakufuata. Siku ya kwanza lilimpiga Nesta mgongoni mara tatu. Alirudi nyumbani akaketi mezani wima kama msumari, ili Carys asishuku kitu.

Pale uwanjani alikuwepo Huw, fundi bomba, jitu lenye mabega kama mlango.

"Huyo farasi kaja kupigana au kuvuta mkokoteni?" Huw alimchokoza.

"Muulize mwenyewe. Akishakukanyaga atakujibu."

"Na kwenu wanajua uko hapa?"

"Hawajui. Na wewe huna mdomo."

Huw alicheka mpaka akakohoa. Madoc hakucheka. Alimvuta Nesta pembeni, fomu ya usajili wa wapiganaji mkononi.

"Mwisho wako ni Ijumaa," alisema. "Ikipita hiyo, kwa umri wako watu wa bima hawatakuandikisha, hata mimi nikipiga magoti. Raundi tatu na mpinzani wa kweli, kisha natia sahihi. Ukishaingia hawakutoi. Ukikosa, basi tena."

"Nipe Huw," Nesta alisema.

"Wapo walio wepesi zaidi."

"Nipe Huw."

Ijumaa kulikuwa na manyunyu. Walimfunga Nesta vipande vya deraya kimoja kimoja, na alipokaa juu ya Taran hakuweza hata kujikuna pua. Raundi ya kwanza mkuki wa Huw ulimpata katikati ya ngao. Pumzi yote ikamtoka, mguu ukachomoka kwenye kikuku cha tandiko, akaning'inia upande, lakini hakuanguka. Raundi ya pili Taran aliogopa, akajitenga na uzio, mikuki yote ikapita hewani.

"Tuishie hapo?" Huw aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Umechoka?" Nesta alimjibu.

Ndipo gari la Carys liliposimama kwa kishindo kando ya uwanja. Jirani alikuwa amemwona Nesta pale akivalishwa kofia ya chuma, akapiga simu.

"Mshusheni!" Carys alipiga kelele, akikanyaga tope. "Madoc, mshushe sasa hivi! Gethin, sema kitu!"

Gethin alisogea hadi kwenye kamba iliyozunguka uwanja.

Nesta aliwatazama wote wawili. Kisha akashusha kofia usoni, dunia ikabaki ufa mwembamba wa mwanga, akambana Taran kwa magoti.

Farasi alikwenda shoti, sambamba na uzio, bila kuyumba. Nesta aliinamia mbele, akalaza mkuki juu ya shingo ya Taran, akaisubiri ngao ya Huw ikue machoni pake. Mkuki wake uliigonga, ukapasuka vipande vipande. Wa Huw ulipita begani bila kumgusa. Jitu lile liliyumba, likashika shingo ya farasi wake kwa mikono miwili.

Madoc aliegemeza fomu kwenye uzio, akaandika tarehe, akatia sahihi kabla mvua haijailowesha.

Gethin alikuwa ameshavuka kamba. Alifika mbio, akamshika Taran hatamu, machozi yanamtiririka, na hakujali Carys anaona.

"Mama," alisema. "Mama, umeumia?"

"Futa machozi, mwanangu," Nesta alisema, akipandisha kofia. "Na mwambie mkeo keki ya kesho ailete hapa hapa. Miaka yangu sabini nitaitimiza juu ya farasi."