Ubeti wa Tatu wa Chura

Chura mwimbaji aliwaalika wanyama kumpongeza Kobe, mpiga ngoma wake wa miaka thelathini. Akawakumbusha harusi ya Nguchiro, ambapo Kobe alipiga mpaka ngoma ikapasuka kwa kishindo. Wote wakacheka, ila Kobe akaangua kilio.

"Nisamehe, ndugu yangu. Kishindo kile kiliniacha kiziwi. Maneno nayasoma midomoni, na ukiimba huwa natazama koo lako likivimba, nami napiga. Sijasikia tena hata wimbo wako mmoja."

Chura akashusha pumzi, akamkumbatia.

"Afadhali! Mimi kilinisahaulisha ubeti wa tatu. Nikifika hapo navimbisha koo tu, na miaka yote nimehofu utagundua."

"Na wachezaji je?"

"Wao hudhani ni zamu ya ngoma. Hapo ndipo wanapocheza kuliko kote."