Mkono Ukutani

Sindano aliichomeka ndani ya upindo wa gauni, mahali ambapo mlinzi wa makumbusho hapekui. Fundi cherehani hakosi sindano, na hii ilikuwa ile nene ya kushonea turubai.

Mlangoni palibandikwa picha ya mdogo wake, siku hizi msanii, na maneno: "Nipe mkono, niambie lililokukaa moyoni." Loo! Aliyemchukulia mume ndiye wa kuambiwa ya moyoni? Dada mtu alishamtangaza ubaya kwa ukoo mzima, hata mama yao alipofariki akamzuia asikanyage mazishini. Bado roho haikutulia.

Msimamizi akaeleza masharti: unashika mkono, unasema, na ukimaliza usiondoke, kuna sehemu ya pili. Fundi aliitikia tu, akili iko kwenye sindano. Mbele yake akaingia bibi mwenye mkongojo. Nyuma yake mwanamke wa miwani myeusi, mtandio hadi puani, alikuwa akingoja.

Zamu yake ikafika. Chumba kilikuwa kitupu. Kwenye tundu la ukuta mkono ulitokeza, umevikwa glavu nyeupe, umefungwa kitambaa kifundoni usirudi nyuma. Vizuri, akawaza, leo hukimbii.

Akaushika. "Mama alikufa akikuita," akanong'ona. "Nikamwambia umekataa kuja."

Kisha akauchoma, katikati ya kiganja. Mkono ukatetemeka, lakini sauti haikutoka. Sindano ikamponyoka, ikaanguka. Hakujisumbua kuiokota. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, alipumua vizuri.

Msimamizi akafungua mlango wa pembeni. "Sehemu ya pili, dada. Sasa mkono ni wako, kwa anayekufuata."

Kutoka nyuma ya ukuta akajikongoja yule bibi, mkono wenye glavu ameukunja ngumi, macho yamejaa machozi.

"Pole, mwanangu," akamwambia, akapita.

Fundi aliona aibu. Akakalishwa, akavishwa glavu, mkono ukapitishwa tunduni, kitambaa kikakazwa.

Upande wa pili viatu vikakaribia, vikasimama. Mtu akainama, akaokota kitu sakafuni.

"Dada," ikasema sauti ya yule mdogo wake aliyembeba mgongoni utotoni, "umeangusha sindano yako."