Wikio Lisilo na Dirisha

Shuaib aliingia bila hodi, akaitupa mezani simu kuukuu ya mteja wake. Kwenye kioo kulikuwa na maneno machache tu: ukurasa haufunguki.

"Ni wewe uliyefanya haya," alisema.

Huwaida hakukana. Tangu asubuhi tovuti yake ilikuwa na kufuli. Anayeingia sharti apite njia salama, maneno yake yafumbwe kwenye simu yake na yasifumbuliwe mpaka yafike. Simu isiyoweza hivyo ilibaki nje. Tovuti yenyewe ilikuwa ya wanawake. Waliuliza mambo ya unyumba bila kutaja majina, na Bi Nana, mwalimu wa chuo cha Qurani kule Siyu, akawajibu kwa upole.

Shuaib ndiye aliyeuuzia intaneti mtaa mzima wa Langoni. Kila neno lilipita kwenye mitambo yake, naye, kwa kuwa haya hana, alisoma. Mwezi uliopita mwanamke mmoja aliuliza kama ni dhambi kumkimbia mume anayepiga. Kabla hajajibiwa, swali lake lilikuwa linachekwa barazani juu ya vikombe vya kahawa, na jina lake, ambalo Shuaib alilijua kwa simu yake, limetajwa. Mumewe alikuwa amekaa papo hapo. Huwaida alikutana na mwanamke huyo sokoni, uso umevimba, akarudi nyumbani analia kwa hasira.

Sasa Shuaib alitaka kufuli liondolewe. Wateja wanalalamika, alisema, na wazee wa watu hawana uwezo wa simu mpya. Huwaida akamwambia wataazima za jirani, na kwamba wazee hao, kwa vyovyote, hawajawahi kuuliza kitu.

"Mwanamke mwema ana siri gani?"

"Bibi zetu walikuwa wema, na walijengewa wikio, daraja la ghorofani," alisema Huwaida. "Wakivuka huko juu, nyumba hata nyumba, na wapita ndia wasiyue nani kenda kwa nani. Hili ni wikio langu, Bwana Shuaib. Nalo halina dirisha."

Shuaib akatishia kumkatia intaneti. Huwaida akamjibu kwamba Faza, ng'ambo ya maji, nako kuna mtandao, na boti za Faza si zake.

"Na ukenda Faza utalala wapi?"

"Kwa watu wenye haya."

Shuaib alimalizia kahawa iliyokuwa mezani, akachukua ile simu kuukuu ya mteja, akatoka akinung'unika. Huwaida alijua kwamba bado ataona ni simu ipi imebisha mlango upi. Lakini lililosemwa ndani hatalisoma tena, apende asipende. Moyo wake ulikuwa mwepesi, na hofu aliyoizoea hakuiona.

Huwaida akaufungua ukurasa wake mwenyewe kama mgeni yeyote, akaandika:

"Bi Nana, mimi ni mke wa Shuaib. Nielekeze, nendeje kwa kadhi kudai talaka?"